Mashine ya Nyasi ya Waqfu: Tuitengeneze Kabla ya Kuchangisha



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu wasomaji, mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Mmezoea kutusoma tukizungumzia malezi, swala, ndoa na hifdhi ya Qur'ani. Leo tunazungumzia mashine ya kukata nyasi. Ni mashine kuukuu, inanguruma na inakata, lakini haikusanyi: nyasi zote zinabaki chini na mfuko wake wa nyuma unarudi mtupu. Tunaomba mtuvumilie. Ndani ya jambo hili dogo mna amana, mna pesa za waumini na mna mustakbali wa vijana wetu.

KWA NINI NYASI

Mji wetu wa Kigali umekaa juu ya vilima na unasifika kwa usafi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwenye umuganda, wenye umri wa miaka 18 hadi 65, tukifyeka, tukizoa taka na kuzibua mitaro. Misikiti na madrasa zetu nyingi zina viwanja vya nyasi. Watoto hucheza humo wakati wa mapumziko, kina mama hukaa humo siku za mahafali, na siku ya Ijumaa msikiti ukifurika wako wanaotandika misala yao juu ya nyasi hizo hizo.

Viwanja vingi hukatwa kwa fyekeo, na hilo ni jema kwa sababu kijana anapata riziki yake. Lakini penye kiwanja kikubwa na mashine ipo, hutumika mashine. Basi mashine isiyokusanya huleta taabu tatu.

Ya kwanza: nyasi mbichi hunata kwenye misala, kwenye kanzu na kwenye miguu ya watoto waliotoka kutawadha, na zulia la msikiti hugeuka kama zizi. Ya pili: zikibaki mafungu mafungu huoza, hunuka, na nyasi hai zilizo chini yake hugeuka manjano. Ya tatu ndiyo kubwa zaidi. Mvua ikinyesha juu ya kilima, kila kilichoachwa chini huteremka. Maji ya upande wetu wa Nyamirambo na Biryogo hushuka kwenye mfereji mkubwa wa Mpazi, hupita Gitega na Kimisagara, kisha hufika Nyabugogo. Kila mkazi wa mji huu anajua Nyabugogo hufanywaje na mvua kubwa. Hatusemi kwamba nyasi za msikiti mmoja ndizo zinazofurisha Nyabugogo. Tunasema kwamba Mwislamu hapaswi kuwa miongoni mwa wanaomzibia jirani wa bondeni njia ya maji. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondosha udhia njiani ni katika matawi ya imani. Iweje basi sisi tuwe ndio tunaouweka?

Wako watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba nyasi zilizokatwa ni mbolea, ziachwe pale pale. Ni kweli, kama zimekatwa fupi, zikiwa kavu, na zimetawanyika vizuri. Lakini katika majira ya itumba, mwezi wa Machi hadi Mei, na tena wakati wa umuhindo, Septemba hadi Disemba, nyasi zetu za pasipalumu huota kwa kasi na kushika maji. Wakati huo hazitawanyiki, bali huanguka mabonge mabonge. Hapo hapana budi kuzikusanya.

KISA CHENYEWE

Katika madrasa moja hapa mjini, ambayo hatutaitaja kwa jina, ipo mashine iliyotolewa waqfu na muumini ambaye ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Kwa miaka kadhaa ilifanya kazi vizuri. Kisha ikaanza kumwaga nyasi nyuma yake. Likaja wazo la kuchangisha baada ya swala ya Ijumaa ili inunuliwe mpya, na ile kuukuu iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Walimu tukaomba tupewe majuma mawili. Tukakaa nayo pamoja na wanafunzi wakubwa wanane na fundi mmoja anayesali pale, ambaye kazi yake ni kutengeneza pikipiki.

Tunalieleza kwa kirefu tulichokikuta, kwa sababu tumeulizwa na wasomaji kutoka misikiti mingine ambao mashine zao zina ugonjwa huo huo.

MASHINE HUKUSANYAJE

Wengi wanadhani mashine hii hufagia. Haifagii, hupuliza. Kisu chake kinazunguka chini ya kifuniko cha bati, kwa kawaida karibu mizunguko 3,000 kwa dakika, na ncha zake mbili upande wa nyuma zimekunjwa juu kidogo, mfano wa mabawa. Mabawa hayo ndiyo feni. Huvuta hewa kutoka chini na kuzisimamisha nyasi ili makali yazikate, kisha huirusha hewa pamoja na nyasi kupitia mdomo wa nyuma hadi mfukoni. Mfuko umeshonwa kwa kitambaa chenye matundu madogo, hewa ikatoka na nyasi zikabaki.

Hapa ndipo penye siri yote. Ili nyasi ziingie, hewa lazima itoke. Mfuko usiotoa hewa ni kama chupa iliyokwisha jaa: ukiielekezea mfereji wa maji, maji yanakurudia mwenyewe. Kwa hiyo mashine isiyokusanya ina moja ya maradhi haya: hewa haipati nguvu, au njia imeziba, au hewa haina pa kutokea. Kila kitu kingine ni tawi la haya matatu.

TULICHOKIKUTA

Mfuko ulikuwa umechanika zamani, na mikono yenye nia njema ikaushonea kiraka kikubwa cha turubai zito. Turubai halipitishi hewa. Sehemu iliyobaki ya kitambaa ilikuwa imeziba kwa vumbi jekundu na utomvu wa nyasi uliokauka, hata ukikiweka mbele ya jua huoni mwanga.

Tulipoinua mashine, chini ya bati tulikuta tabaka la nyasi na udongo lililogandamana, nene kama kidole gumba. Nafasi ya hewa kuzunguka ilikuwa haipo tena, na mdomo wa nyuma ulibaki nusu.

Kisha kisu. Cha asili kilikuwa kimekwisha, na badala yake kilifungwa kipande cha chuma bapa kilichochongwa kutoka kwenye springi ya gari. Kinakata, lakini hakina mabawa. Kukata bila kupuliza ni nusu ya kazi. Tena kuna hatari: chuma cha springi hakikukusudiwa kuzunguka kwa kasi ile, na kikivunjika kipande kinaweza kumjeruhi mtu vibaya. Hicho tulikitoa siku hiyo hiyo na hatumshauri mtu yeyote akitumie.

Matengenezo yenyewe hayakuhitaji muujiza. Fundi cherehani wa Nyamirambo alitoa kiraka na kushona kitambaa cha wavu mgumu. Wanafunzi walikwangua bati kwa kipande cha ubao. Kisu chenye mabawa kilipatikana kwa muuza vipuri, tukilinganisha urefu na tundu la katikati na kile cha zamani. Mwishowe tukasafisha chujio la hewa na fundi akarekebisha waya wa mafuta, kwa sababu ulikuwa umelegea na injini haifiki kasi yake. Mashine ikakusanya. Gharama ya vyote hivyo haikufika hata robo ya bei ya mashine mpya.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kwa ndugu zetu wenye tatizo hili, huu ndio mpangilio tunaouona unafaa, tukianza na kisichogharimu kitu.

1. Kabla ya kugusa chochote chini ya mashine, zima injini na uchomoe waya wa plagi. Hili halina mjadala. Injini inaweza kuwaka ukikizungusha kisu kwa mkono, na vidole havina vipuri.

2. Ukiilaza mashine, hakikisha upande wa kabureta na chujio la hewa uko juu, la sivyo oili na petroli vitaingia pasipotakiwa. Usivute sigara wala usiwashe moto karibu. Na sigara yenyewe ni bora uiache moja kwa moja.

3. Tazama mfuko. Upige brashi, uoshe kwa maji, uanike ukauke kabisa. Ushikilie mbele ya jua: usipoona mwanga, hewa nayo haipiti. Usiuzibe kwa turubai, wala kwa gunia lisilopumua, wala kwa mfuko wa plastiki.

4. Kwangua bati la chini na mdomo wa nyuma kwa ubao, siyo kwa chuma chenye ncha, ili rangi isitoke na kutu isiingie. Fanya hivi kila baada ya kukata.

5. Kague kisu. Mabawa yatazame juu kuelekea bati. Kikifungwa kichwa chini kitakandamiza nyasi badala ya kuziinua. Ikiwa mabawa yamelika na kuwa membamba kama wembe, kibadilishwe. Ikiwa ni butu tu, kinolewe kwa tupa kwa kufuata mlalo wake wa asili, pande zote mbili sawasawa. Kisha kitundike kwenye msumari kwa tundu lake la katikati: upande unaoinama ni mzito, upunguze. Kisu kisicho na mizani hutikisa injini mpaka kuiua.

6. Angalia kasi ya injini. Chujio chafu, plagi nyeusi na petroli iliyokaa miezi mingi huifanya injini ichoke. Tukumbuke pia kuwa Kigali iko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Injini ndogo ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Maana yake mashine iliyokuwa na nguvu tele Dar es Salaam au Mombasa, hapa kwetu imepungukiwa karibu asilimia 15 kabla hata haijachafuka. Sisi wa milimani tunapaswa kuzisafisha mashine zetu kuliko wenzetu wa pwani.

7. Kata kwa wakati wake. Usikate asubuhi mapema penye umande, wala mara baada ya mvua. Subiri jua lipande. Na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Zikiwa ndefu sana, inua magurudumu, kata juu kwanza, kisha rudia baada ya siku chache.

DINI INASEMAJE

Sasa tuje kwenye kiini. Mashine hii si mali ya imamu, wala ya mwenyekiti wa kamati, wala ya mwalimu. Ni waqfu. Wako wanaodhani waqfu ni ardhi na majengo peke yake, kama shamba la Khaybar alilolitoa Sayyidna Umar (r.a.). Lakini katika hadithi sahihi tunamkuta Khalid bin Walid (r.a.) ameziweka wakfu deraya zake na zana zake za vita katika njia ya Allah, na wanavyuoni wameichukua kuwa dalili kwamba kitu kinachohamishika nacho kinaweza kuwa waqfu, maadamu kinabaki na kinanufaisha.

Ikiwa ni waqfu, basi yuko msimamizi, nadhir. Na mafaqihi wanapotaja majukumu ya nadhir, la mwanzo ni kuutunza na kuuimarisha waqfu usiharibike. Kuhusu kuuza waqfu uliochakaa, wanavyuoni wamehitilafiana. Wako waliokaza sana na wako walioruhusu ili kinunuliwe kingine badala yake. Anayetaka kuuza na awaulize wenye elimu. Lakini khitilafu hiyo inahusu kitu ambacho manufaa yake yamekatika, siyo kitu ambacho kimekosa kufuliwa mfuko.

Mtu anapotoa waqfu, matumaini yake ni kwamba thawabu zitaendelea kumfikia akiwa kaburini. Kila nyasi zinapokatwa na waumini wakapata mahali safi, tunataraji maiti yule anapata fungu lake. Je, tuna haki ya kuukata mlango huo wa kheri kwa sababu tumeona uvivu wa kukwangua bati?

Halafu tuangalie upande wa wanaochangia. Anayetia mkono mfukoni baada ya Ijumaa siyo tajiri peke yake. Yumo mama anayeuza ndizi, yumo kijana wa pikipiki, yumo mzee anayeishi kwa kusaidiwa na wanawe. Allah (S.W.T.) ametukataza ubadhirifu katika Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, na amewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Tumezoea kuzisoma aya hizi kwa harusi za fahari na nguo za gharama. Kwa nini tusizisome tunapokaa kwenye kamati zetu? Pesa ya sadaka ikitumika pasipo haja, hata kama kilichonunuliwa kinang'aa, ni ubadhirifu uliovaa kanzu.

WAZEE WETU WALIISHI KWA MIKONO YAO

Kuna jambo linalotuumiza zaidi ya pesa. Wakati wa kuitengeneza mashine ile, mzazi mmoja alikuja kumchukua mwanawe akamkuta mikono imejaa grisi. Hakufurahi. Alisema amemleta mtoto kusoma dini, siyo kuwa fundi. Hatumlaumu. Mzazi anamtakia mwanawe makubwa. Lakini fikra hiyo imeenea katika jamii yetu na inafaa ijibiwe.

Enzi za utawala wa Wabelgiji, Waislamu wa nchi hii walitengwa katika makazi yaliyoitwa kampi za Waswahili, na Biryogo ni mojawapo. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu hawakuweza au hawakuthubutu kuwapeleka watoto wao huko. Milango ya ofisi ilikuwa imefungwa. Wazee wetu waliishi kwa nini? Waliishi kwa biashara, kwa cherehani, kwa usukani na kwa spana. Mwislamu alijulikana nchini kwa udereva na ufundi. Kwa jasho hilo walijenga misikiti tunayosali leo na wakawalipa walimu waliotufundisha alifu. Mtoto wa Biryogo kuona haya kushika spana ni sawa na kumwonea haya babu yake.

Na juu ya mababu zetu wapo Mitume. Nabii Nuhu (a.s.) aliunda jahazi kwa mikono yake. Nabii Dawud (a.s.), pamoja na ufalme wake, alilainishiwa chuma akafanya deraya, na Mtume wetu (S.A.W.) amemsifu kwa kula kutokana na kazi ya mikono yake. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Na mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.), alipoulizwa Mtume (S.A.W.) hufanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Kiumbe bora kuliko wote hakukitupa kiatu kilichokatika, alikaa akakitengeneza. Hiyo nayo ni Sunna, ingawa hatuioni ikihimizwa kwenye mimbari mara nyingi.

Hata mashine hii yenyewe imezaliwa kwa watu wa kuchokora vitu. Wa kwanza aliyeibuni, Edwin Budding wa Uingereza mwaka 1830, alichukua wazo kutoka kwenye mashine ya kiwandani iliyonyoa manyoya ya nguo za sufu. Mwaka 1952 huko Sydney, Australia, Mervyn Victor Richardson aliunganisha mashine ya kisu cha kuzunguka gerejini kwake, na tangi la mafuta lilikuwa kopo tupu la matunda ya pichi. Leo tunasema mashine zile ni za wazungu, sisi tununue tu. Lakini mwanzo wake ulikuwa kopo tupu na mtu asiyeona haya kuchafuka mikono.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako waliotuambia: mwalimu wa madrasa kazi yake ni kufundisha, muda wake usiishie kwenye nyasi. Tunajibu kwamba wale wanafunzi wanane katika siku chache wamejifunza maana ya amana, ya itqani na ya kushirikiana kuliko wangejifunza kwa kuandika ubaoni. Allah anapenda mja anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Neno itqani ukilieleza darasani mtoto anaandika. Akikinoa kisu upande mmoja zaidi ya mwingine, akakitundika kikainama, anajua itqani ni nini.

Wako waliosema: mashine kuukuu inatoa moshi na kelele, bora mpya. Hapa pana ukweli, na hatutaki kupita mpaka. Ikiwa injini inakunywa oili na kutoa moshi wa buluu kila mara, ikiwa bati limetoboka kwa kutu kiasi kwamba jiwe linaweza kurushwa kwenye mguu wa mtoto, ikiwa vipuri havipatikani tena, basi ustaarabu ni kuiacha. Kung'ang'ania kitu cha hatari nako si kutunza amana. Tunachosema ni kwamba uamuzi huo ufanywe na fundi aliyeifungua mashine, siyo na sisi tuliokaa kwenye viti.

Wako pia waliosema: fundi atatudanganya, leo kipuri hiki kesho kile. Dawa yake ni kumchagua fundi mwaminifu, kumwomba aonyeshe kipuri cha zamani alichokitoa, na kumlipa haki yake mara amalizapo, kabla jasho lake halijakauka kama tulivyofundishwa. Mara nyingi fundi wa Kiislamu anayefanya kazi za msikiti huambiwa atalipwa na Allah. Allah atamlipa, na sisi pia tumlipe. Fundi anayenyimwa ujira ndiye huyo atakayerudi na chuma cha springi.

TUNAPENDEKEZA

Kwanza, kila msikiti na madrasa iwe na daftari la waqfu: kitu gani, kimetolewa na nani, lini, na kimetengenezwa mara ngapi. Mazulia, vipaza sauti, majenereta, cherehani za kina mama na mashine za nyasi viandikwe vyote. Kisichoandikwa hupotea, na kikipotea hakuna anayeulizwa isipokuwa Siku ya Kiyama.

Pili, kamati isichangishe kwa ajili ya kifaa kipya kabla ya kupata maelezo ya fundi kuhusu kile cha zamani, nayo yasomwe mbele ya waumini: tatizo ni hili, gharama ya kutengeneza ni hii, ya kununua ni hii. Waumini wakiona hesabu, watachanga kwa moyo mweupe, iwe ni kwa kutengeneza au kwa kununua.

Tatu, madrasa zetu zitenge saa moja kwa juma, mathalani Jumamosi ambayo si ya umuganda, wanafunzi wakubwa wa kiume na wa kike wajifunze kutengeneza kitu: kushona juzuu zilizochanika, kubadilisha mpira wa bomba la kutawadhia, kunoa fyekeo. Wenye kipaji waelekezwe kwenye vyuo vya ufundi, TVET, ambavyo serikali yetu imevipa umuhimu mkubwa. Wazee na vijana wa jamaa zetu wenye karakana Gatsata na Gakinjiro waalikwe kuja kufundisha, na waitwe kwa jina la ualimu kama tunavyoitwa sisi.

Nne, nyasi zikishakusanywa zisitupwe. Wako majirani wanaofuga sungura, mbuzi na ng'ombe ndani ya zizi, na kwao mfuko wa nyasi safi ni riziki. Wapewe, alimradi hazijamwagiwa dawa wala petroli. Zinazobaki zitandazwe kuzunguka migomba na mboga, au zirundikwe pamoja na majani makavu ziwe mboji. Jirani huyo anaweza kuwa si Mwislamu. Haki ya ujirani haiulizi hilo.

Ndugu zetu katika imani, mji huu utaendelea kujengwa na vifaa vipya vitaendelea kuingia madukani. Hatuna ugomvi na kipya. Lakini kamati inayozoea kutupa mashine kwa sababu mfuko umeziba, kesho itamtupa mwalimu kwa sababu amezeeka, na keshokutwa itamtupa kijana kwa sababu ametetereka mara moja. Tuwe watu wa kufungua, kutazama, kusafisha na kutengeneza, kwanza kwa vyombo tulivyoachiwa na waliotutangulia, kisha kwa nafsi zetu na familia zetu.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) amrehemu kila aliyeacha waqfu katika misikiti yetu, abariki mikono ya mafundi wetu, na atujaalie kuwa wasimamizi waaminifu wa kidogo na kikubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.